Haki ya Maiti Asiyejulikana Kilichomuua

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai, ajuaye yaliyo dhahiri na yaliyofichwa na vifua. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuatao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baadu. Ndugu zangu Waislamu, katika risala hii twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikimbia likitajwa: kuchunguzwa kwa kifo cha mtu aliyekufa kwa ghafula, au kwa kujeruhiwa, au kwa sababu isiyojulikana. Watu wetu wa pwani wakisikia neno hili huona mambo matatu tu: askari mlangoni, kisu cha daktari, na mazishi kucheleweshwa. Basi huharakisha kumwosha maiti na kumzika kabla habari haijatoka mtaani, na hudhani kuwa wamemstahi maiti wao na kuitii sharia. Nami sitawalaumu kabla sijajilaumu nafsi yangu, kwani nilikuwa miongoni mwao, tena nilikuwa mbele yao.

Zamani kidogo, katika mji niliokuwa nikisomesha, palikuwa na mtu mmoja mchuuzi wa samaki, mtu wa swala tano, hana deni la mtu. Alikuwa na mzozo na shemeji yake kwa ajili ya minazi ya urithi. Watu wakawasuluhisha, na siku ya suluhu akaenda kula chakula cha usiku nyumbani kwa shemeji yake. Akarudi kwake akilalamika tumbo, na kabla ya alfajiri akafa. Waoshaji walipomvua nguo wakaona povu kinywani na rangi ya kucha zake imegeuka. Kijana mmoja katika jamaa zake akasema: Yafaa tupeleke habari polisi, na daktari amtazame. Wazee wakakasirika, nikaitwa mimi nikate shauri. Nikasema bila ya kuzingatia: Heshima ya maiti ni kuzikwa, nyinyi mwataka ndugu yenu akachanjwe kama mbuzi? Maneno yakaisha hapo. Nikamswalia, na kabla ya adhuhuri alikuwa kaburini.

Haikupita arubaini ila mji mzima ulikuwa wasema kuwa shemeji yake alimtilia sumu. Watu wakaacha kuitikia salamu yake. Duka lake likakosa wanunuzi. Binti yake alikuwa amekwisha kuposwa, posa ikarudishwa. Usiku mmoja akaja kwangu baada ya isha, akakaa kizingitini, akaniambia: Mwalimu, wewe ndiwe uliyesema azikwe, na wewe ndiwe uliyemswalia, sema neno moja nitakate. Sikuwa na neno. Naliseme nini? Niseme hakumuua, nami sijui? Niseme amemuua, nami sijui? Akaondoka, na kisha akahama mji na watu wake, akafia ugenini. Mpaka hivi leo hapana ajuaye kama yule mtu alikuwa mwuaji aliyeponyoka au mja aliyedhulumiwa. Ikiwa aliua, basi damu ya Mwislamu ilipotea kwa ulimi wangu. Ikiwa hakuua, basi heshima ya Mwislamu ilipotea kwa ulimi huo huo. Hapana njia ya tatu. Na ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulivunja nyumba.

Tangu hapo nikarudi kwenye vitabu kutazama sharia yasemaje. Haya ndiyo niliyoyaona.

Damu ya mtu haiachwi bila ya kuulizwa

Mwenyiezi Mungu ametwambia katika Sura ya Tano, aya ya 32, kuwa mwenye kuua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote, na mwenye kuiokoa ni kama aliyewaokoa wote. Na katika Sura ya Kumi na Saba, aya ya 33, akatujulisha kuwa aliyeuawa kwa dhuluma, walii wake amepewa mamlaka ya kudai haki yake, ila asipite mpaka. Sasa niambieni, huyo walii atadai nini ikiwa hajui kama jamaa yake ameuawa au amekufa kwa maradhi? Haki aliyopewa na Mola wake haiwezi kusimama ila juu ya ujuzi, na ujuzi hauji ila kwa kutafuta.

Tazameni kisa cha Bani Israili katika Sura ya Pili, kilichoipa sura hiyo jina la Ng'ombe. Mtu aliuawa, nao wakawa wanatupiana lawama, huyu asema si mimi, na yule asema si mimi. Mwenyiezi Mungu hakuwaacha katika fitina ile, bali alitaka kuyatoa waliyokuwa wakiyaficha. Akawaamrisha wachinje ng'ombe na kumpiga maiti kwa sehemu yake, na kwa amri yake jambo likafichuka. Hiyo ilikuwa ni muujiza, nasi hatuna miujiza. Lakini funzo limebaki: watu wakitupiana damu, haifai kunyamaza na kuifukia pamoja na mwenyewe.

Tena someni Sura ya Yusuf. Ndugu zake walikuja na kanzu yenye damu ya uwongo wakasema mbwa mwitu amemla. Nabii Yakub hakusadiki, na wafasiri wamesema kuwa aliitazama kanzu akaiona haikuraruka, akastaajabia mbwa mwitu huyo mpole, amlaye mtu na asimpasulie nguo. Na mbele katika sura hiyo hiyo, alipotuhumiwa Yusuf kwa mke wa bwana wake, kanzu ilitazamwa imechanika mbele au nyuma, na kwa kuonekana imechanika nyuma ikajulikana nani msema kweli. Basi kutazama alama na athari ili haki idhihiri si jambo la kizungu lililoletwa kwa meli. Limo katika Kitabu chetu.

Namna Mtume (S.A.W.) alivyofanya

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Abdallah bin Sahl, aliyekwenda Khaybar pamoja na Muhayyisa. Wakaachana njiani, kisha Abdallah akakutikana ameuawa. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.). Akataka kusema yule mdogo wao, Mtume akamwambia amwache mkubwa anene. Walipokwisha kueleza, Mtume (S.A.W.) hakuwatoa watu wa Khaybar kuuawa kwa dhana, wala hakuwaambia walalamikaji wamsahau ndugu yao. Aliwataka waape viapo hamsini. Wakasema: Tutaapaje na sisi hatukuona? Akawaambia basi Mayahudi nao wataapa viapo hamsini kujitoa tuhumani. Wakasema hawawezi kuridhika na viapo vyao. Mtume (S.A.W.) akachukia damu ile isipotee bure, akawalipa diya ya ngamia mia yeye mwenyewe.

Hapa ndipo ulipotoka mlango wa kasama katika fikihi yetu. Na Imamu Shafi'i (R.A.), katika madhehebu yake mapya, amesema kuwa kasama yawajibisha diya, haiwajibishi kisasi, na wala haisimami ila pawe na dalili ya kutia dhana nguvu: kama maiti kukutwa katika mtaa wa maadui zake, au watu kutawanyika na kumwacha mtu amekufa kati yao. Angalieni mizani hiyo! Damu haipotei, na mtu hauawi kwa uvumi.

Na Anas (R.A.) amepokea habari ya msichana aliyepondwa kichwa baina ya mawe mawili. Alikutwa yu katika roho ya mwisho, akatajiwa majina: Ni fulani? Ni fulani? Hata lilipotajwa la Myahudi mmoja akaashiria kwa kichwa. Yule mtu akakamatwa, akaulizwa, akakiri, ndipo akahukumiwa. Aliulizwa aliyepigwa, na akaulizwa aliyetuhumiwa. Huko ndiko kuchunguza.

Hoja za wanaokataa, na majibu yake

Ukisema: Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuharakisha jeneza. Twasema: Kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini maulama wetu hawakuifahamu kuwa ni haraka ya kupofua macho. Imamu Shafi'i amependekeza kuwa aliyekufa kwa ghafula, kama kwa kuzama au kupigwa na radi, angojewe mpaka mauti yake yawe ni yakini. Ikiwa maiti hungojewa ili ijulikane kama amekufa, basi kungojewa saa chache ili ijulikane kama ameuawa si jambo geni katika madhehebu. Haraka iliyoamrishwa ni ya mtu ambaye haki zake zimekwisha kutazamwa.

Ukisema: Kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja yu hai, na hii nayo ni hadithi. Twasema: Ni hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), ameipokea Abu Daud na wengineo, nasi twaiweka juu ya vichwa vyetu. Maiti ana hishima kama aliye hai. Lakini aliye hai hupasuliwa na daktari kwa maslaha yake, na hapana asemaye amevunjiwa hishima. Na maulama wa Kishafi'i wenyewe wamesema kuwa mwanamke akifa na tumboni mna mtoto atarajiwaye kuishi, hupasuliwa ili atolewe. Na wamesema mtu akimeza mali ya mwenziwe akafa, na mwenyewe akaidai, tumbo lake hupasuliwa. Sasa ikiwa maiti hupasuliwa kwa kito cha mtu, je, damu ya mtu ni nyepesi kuliko kito?

Ukisema: Hayo ni rai yako wewe. Twasema: Hapana, wametangulia wakubwa wetu. Baraza la Maulama Wakubwa wa Saudia lilitoa uamuzi katika mwaka 1396 wa Hijra, yaani 1976, na Baraza la Fikihi la Rabita ya Makka katika kikao chake cha kumi mwaka 1987, kuwa yajuzu kupasua maiti pakiwa na shaka ya jinai na haikuwezekana kujua sababu ya kifo kwa njia nyingine. Na Baraza la Makka likatia masharti: isipite kadiri ya dharura, maiti wa kike wapasuliwe na madaktari wa kike ila wakikosekana, na viungo vyote vilivyopasuliwa vizikwe. Hii ndiyo kaida yetu ya siku zote: lililohalalishwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura yake.

Ukisema: Na kaburi je, litafukuliwaje? Twasema: Asili ni haramu. Imamu Nawawi katika Minhaj ameharimisha kufukua ila kwa dharura, akataja mfano wa aliyezikwa bila ya kuoshwa, au katika ardhi ya kunyang'anya, au mali ikaangukia kaburini. Basi ikiwa kaburi hufunguliwa kwa ajili ya mali, kufunguliwa kwa ajili ya roho za watu kwaelekea zaidi. Nanyi mmeyaona kwa macho yenu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, hapa hapa pwani petu, walifukuliwa maiti zaidi ya 400 katika makaburi ya juu juu. Walikuwa wafuasi wa mtu aliyewaambia wafunge mpaka wafe ili wakutane na Masihi. Madaktari walipowatazama walikuta wengi wamekufa kwa njaa, lakini wengine walinyongwa au walipigwa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Lau makaburi yale yangeachwa kwa kuogopwa kufukuliwa, ingesemwa mpaka leo kuwa wote wale walijitakia wenyewe. Mchanga ulikuwa umeficha, na kufukua ndiko kulikonena.

Sheria ya serikali yasemaje

Wengi huogopa wasilolijua, basi na tulieleze. Katika Kenya, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 386, yamlazimu mkuu wa polisi, akipata habari ya mtu aliyejiua, au aliyeuawa, au aliyekufa kwa ajali, au kwa namna yenye kutia shaka, apeleke habari kwa hakimu, aende penye maiti, atazame, na aandike majeraha na michubuko aliyoiona na sababu idhaniwayo. Na kifungu cha 387 chasema kuwa aliyekufa mikononi mwa polisi au gerezani, hapana budi hakimu achunguze kifo chake. Hakimu huyo ana amri ya kuita mashahidi, na hata kuamrisha maiti aliyezikwa afukuliwe ikiwa yahitajiwa.

Na fahamuni sana: uchunguzi huu si kesi ya kumhukumu mtu. Haufungi wala haunyongi. Kazi yake ni kujua aliyekufa amekufa kwa nini. Mwisho wake hauna budi kuwa mmoja katika mitatu. Hakimu ataona kosa limefanywa na mtu ajulikanaye, basi atamwita au ataamrisha akamatwe, na kesi yake ni mbali. Au ataona kosa limefanywa na asiyejulikana, naye ataandika rai yake na kuipeleka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Au ataona hapana kosa la mtu, na hilo nalo ataliandika. Laiti yule shemeji angepata karatasi ya namna hii ya tatu! Angeitundika dukani kwake.

Bara ya Tanzania nayo ina sheria yake ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980. Na Kenya ilitunga sheria nyingine mwaka 2017 ya kuweka idara maalumu ya wachunguzi wa vifo, waitwao makorona, ili kazi hii isibaki kwa polisi peke yao. Hapa pana hekima, kwani huenda kifo kikatokea mikononi mwa polisi wenyewe, na mtu hawi kadhi wa nafsi yake. Lakini kutungwa sheria ni jambo moja na kutiwa kazini ni jambo jingine, na miaka ilipita idara ile haikusimama. Waislamu wana haki ya kuidai, kwani ni katika kutetea roho za watu.

Wala msidhani kuwa haki ya uchunguzi na haki ya dini hazikai pamoja. Huko Uingereza, ambako kazi ya korona ina zaidi ya miaka 800, korona mmoja wa London alikataa katakata kumtanguliza maiti yeyote kwa ajili ya dini yake. Mayahudi wakaenda mahakamani, na shida hiyo ilikuwa ni yetu pia. Mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu ikahukumu kuwa kanuni ile ni kinyume cha sheria: korona yampasa azingatie dini ya maiti na haraka ya mazishi katika kupanga kazi yake. Na katika baadhi ya miji ya huko, maiti hupigwa picha za ndani kwa mashine, na mara nyingi picha hizo zatosha bila ya kisu. Walipata hayo kwa kuidai haki mbele ya mahakimu, hawakuyapata kwa kuficha maiti.

Yatupasayo

Basi ndugu zangu, shikeni haya.

Aliyekufa kwa maradhi yanayojulikana, na daktari wake ashuhudia, huyo msimcheleweshe. Mwosheni, mswalieni, mzikeni.

Lakini aliyekutwa amekufa, au aliyekufa kwa pigo, au kwa kuanguka, au kwa gari, au baharini, au kwa chakula, au mikononi mwa askari, huyo msimwoshe wala msimhamishe mpaka habari ifike kwa wenye amri. Maji ya kuoshea huondoa ushahidi. Nguo zake zihifadhiwe, zisichomwe wala zisifuliwe.

Nawe mwoshaji, wewe una amana mbili. Ya kwanza ni kusitiri: ukiona kwa maiti jambo la kuchukiza, lizike nawe. Ya pili ni kushuhudia: ukiona jeraha, au alama ya kamba, au dalili ya sumu, hiyo si aibu ya maiti bali ni haki yake, na Mwenyiezi Mungu ametukataza kuficha ushahidi. Usizichanganye amana hizi mbili, kama nilivyozichanganya mimi.

Ukiitwa kushuhudia, sema uliloliona, usiseme ulilolidhani. Na kabla hakimu hajanena, fungeni midomo. Mwenyiezi Mungu ametuonya katika Sura ya Hujurat tujitenge na dhana nyingi, na tuipeleleze habari kabla ya kuisadiki. Barazani petu mtu hushitakiwa, akahukumiwa na akanyongwa kabla kahawa haijapoa.

Na mwende kwa wakubwa wa kazi hii kwa adabu, mwaombe yenu: maiti atazamwe upesi, asipasuliwe ikiwa kutazamwa kwa nje kwatosha, maiti wa kike watazamwe na wanawake, na kila kiungo kirudishwe kizikwe. Kuomba hivi ni haki. Kumkimbiza maiti usiku kaburini ni khiana.

Ndugu zangu, watu wengi hudhani kuwa wakimzika maiti wamemaliza kazi naye. Nami naliidhani hivyo siku ile. Lakini Mtume (S.A.W.) ametwambia kuwa jambo la kwanza watakalohukumiwa watu baina yao siku ya Kiyama ni damu. Siku hiyo yule mchuuzi wa samaki atasimama, na shemeji yake atasimama, na yaliyokuwa baina yao yatajulikana bila ya daktari wala hakimu. Nami nitaulizwa kwa nini niliufunga mlango ambao ungewapa wote wawili haki yao hapa duniani. Jawabu sina, ila kutubu, na kuwaambia nyinyi mliobaki msifanye kama nilivyofanya.

Ewe Mola wetu, tusamehe yaliyotoka ndimini mwetu kwa ujinga. Warehemu maiti wetu, waliojulikana kilichowaua na wasiojulikana. Watie mahakimu na madaktari wetu uadilifu, na utujaalie tuwe wenye kusema kweli ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu. Amin.

Wa billahi ttaufiq.